Raspberry Pi 3 na NetBSD: konsoli ya seriali inatoa herufi za ovyo

SWALI: Mukubwa, salamu kutoka Bukavu. Niko na Raspberry Pi 3, nimeiwekea mfumo wa NetBSD, na sina skrini kwa hiyo naingia kwa waya wa USB-seriali. Nikiwasha, taa ya kijani inachezacheza kisha kwenye laptop zinakuja alama kama ▒~x▒?p tu. Nimejaribu spidi za 9600, 19200, 38400, 57600, 115200, zote ni ovyo. Faili ya mipangilio, config.txt, alinipa rafiki, anasema hiyo inafanya mashine iende mbio. Waya nyekundu nimeiunga pia ili isaidie umeme. Je, bodi imekufa?

JIBU: Hapana mdogo wangu, bodi iko mzima, mashine iliyokufa haitoi hata hizo alama za ovyo. Kitu kinaongea pale ndani, ni wewe na yeye hamjaelewana mwendo.

Kwanza kabisa toa ile nyekundu, leo hii. Inabeba volti 5, na Pi yako tayari inakula volti 5 kwa chaja yake, vyanzo viwili vinasukumana na siku moja kimoja kitaungua. Tafuta chaja ya ampea 2.5, zile ndogo za simu haziwezi, taa nyekundu ya bodi ikizimikazimika ujue umeme haufiki. Waya zinazobaki ni tatu tu: ya ardhi kwenye pini ya 6, RX (ya kupokea) ya waya wako kwenye pini ya 8, TX (ya kutuma) ya waya wako kwenye pini ya 10. Usifuate rangi, kila kiwanda kina zake. Na hakikisha waya wako ni wa volti 3.3, maana ile seriali ya zamani ya ordinatere yenye pini tisa inaweza kutuma hadi volti 15 na hiyo inaua chipu papo hapo.

Sasa jaribu waya peke yake: itoe kwenye Pi, gusanisha TX na RX yake, fungua PuTTY, ile programu ya kusomea seriali kwenye laptop, andika abc. Zikirudi abc, waya na draiva ni wazima. Mimi hapa Birere, Goma, niliwahi kuhangaika jioni nzima na alama kama zako, kumbe kwenye kile kichwa cheusi cha plastiki cha waya wa ardhi kibati cha ndani kilikuwa kimepanuka, kinaingia kwenye pini lakini hakibani. Nikakibana kwa koleo ndogo, mistari ikaja safi. Kwa hiyo vuta kila kichwa kidogo uone kama kinashika.

Lakini wewe namshuku zaidi rafiki yako, na nitakueleza kwa nini. Pi 3 ina UART mbili, yaani sehemu za chipu zinazotuma na kupokea herufi za seriali: ile kubwa imepewa Bluetooth, pini za 8 na 10 zimepata ile ndogo, na hiyo ndogo haina saa yake, inahesabu kwa saa ya kiini cha grafiki. Kwenye megahezi 250 kerneli (moyo wa mfumo) inaweka kigawanyo, ile namba ya kugawa saa ili ipatikane spidi, kinachotoa karibu 115,300, hiyo inasomeka vizuri kwa 115200. Faili ya rafiki ikipandisha saa hadi 400 na kigawanyo kikabaki kilekile, herufi zinatoka kwa karibu 184,500. Hiyo spidi haiko kwenye orodha yako, ndiyo maana ulizijaribu zote na hakuna iliyosoma, haukukosea wewe.

Basi zima, toa kadi, iweke kwenye laptop, ile patisheni ndogo inaonekana hata kwa Windows. Kwenye config.txt hakikisha kuna enable_uart=1 (ndiyo inayofunga saa isipande) na force_turbo=0, na ufute kila mstari unaoanza na core_freq. Mbio za rafiki utazitafuta baadaye ukishakuwa na konsoli. Halafu fungua cmdline.txt, ukikuta console=fb itoe, maana hiyo inapeleka maneno yote kwenye skrini ambayo hauna, ila usiguse root=ld0a, na yote yabaki mstari mmoja. Toa kadi kwa utaratibu, usiinyofoe.

Ukiwasha tena iwe 115200, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama, na kwenye PuTTY pale pa flow control weka None. Ukiacha RTS/CTS na waya zako ni tatu tu, utasoma kila kitu lakini kibodi haitaandika, na watu wengi hapo njo wanadhani mfumo umeganda.

Taa ya kijani ikirudia kupiga mara 4, start.elf, faili ya kuwashia bodi, haionekani, ikipiga mara 7 ni kerneli yenyewe haionekani, hapo shida ni kadi wala si seriali, iandike upya.

Na kama mistari ya kerneli inakuja safi ila login inaharibika, basi ni getty, programu inayoleta login, inayobadilisha spidi. Hapo utaazima televisheni ya HDMI kwa dakika kumi, urudishe console=fb, uingie, ufungue /etc/ttys, kwenye mstari wa konsoli ukiona std.9600 uweke std.115200, kisha uandike amri kill -HUP 1 ili mfumo usome upya faili hiyo, na kabla ya kurudisha televisheni ya watu utoe tena ile console=fb.