Mvinyo wa Nanasi Ulionitia Aibu Ukumbini

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, mvinyo wangu wa nanasi una wiki tatu, unanuka hamira na unakwaruza koo. Niumwage?" Mdogo wangu, weka ndoo chini kwanza tuongee.

Mwaka 2021 send-off ya wifi yangu ilikaribia, nikajitapa kwamba kinywaji cha meza kuu waniachie mimi. Nikachukua mananasi 15 ya Kiwangwa, sukari kilo 3 na hamira ya mkate. Wiki ya kwanza ndoo ilitokota, nyumba nzima ikanukia. Wiki ya tatu povu likatulia, nikajaza chupa na kuzikaza vizibo kwa nguvu zangu zote. Joto la Dar mnalijua. Ukumbini chupa ya kwanza ilipasuka kabla MC hajamaliza utambulisho. Ya pili ilipofunguliwa ikamrukia mama mkwe kwenye kitenge kipya. Shemeji mmoja akaonja kilichobaki, akasema kwa sauti: "Hii ni juisi iliyoharibika." Watu wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikaenda kulia chooni.

Kumbe sukari ilikuwa haijaisha. Hamira iliendelea kuila humo chupani, gesi ikakosa pa kutokea. Povu kutulia si ushahidi. Siku hizi napima kwa haidromita, kile kifaa kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, na namba isipobadilika siku kadhaa ndipo naamini.

Basi, usimwage. Hamisha mvinyo kwa bomba la mpira, mashapo yabaki chini, ujaze dumu la kioo hadi shingoni, maana hewa ikipata nafasi utaishia kuwa na siki. Baada ya miezi miwili mitatu hamisha tena. Halafu subiri. Najua unataka kuuza Krismasi hii. Lakini ninyi mnataka kila kitu kiive usiku mmoja, kila jioni mnafungua kuonja, mnatikisa dumu kama dawa ya kikohozi. Subirini jamani! (Nilikuwa hivyohivyo, sijitakasi.)

Jumapili nimefungua chupa iliyokaa miezi 14 chini ya kitanda, nimeiviringishia gunia. Ukali umekwisha, rangi ya dhahabu, unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Na lile nanasi, ambalo miezi ya mwanzo halisikiki kabisa, limerudi mdomoni. Shemeji yuleyule kanywa glasi mbili, akauliza nimenunua duka gani. Sikumjibu. Zimebaki chupa sita, na jana kamtuma mtoto kuulizia bei.