Polisi wana Tahoe, sisi tuna ambulansi, tunaweza kubadilishana?

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Mi nipo Marekani, jimbo la Washington, mwaka wa tatu sasa najitolea zimamoto kwenye mji mdogo, mchana niko ghalani napakia mizigo. Polisi wa mji wana Tahoe, lile gari kubwa la Chevrolet, wameitoa kazini. Sisi tuna ambulansi ya boksi, haibebi tena wagonjwa, imekaa tu nyuma ya kituo. Mkuu wetu na mkuu wa polisi wameshaelewana kwa mdomo tubadilishane, wao wanataka boksi iwe ofisi ya kwenye matukio, sisi Tahoe iwe ya kiongozi wa zamu. Kwenye kikao mama mmoja jirani akasimama akasema tunagawana mali ya walipa kodi kama karanga. Niliumia sana lakini jibu sikuwa nalo. Ni makosa kweli? Na hiyo Tahoe tuikague wapi kabla ya kuichukua?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa hiyo kazi, watu wengi hawajui kwamba wazimamoto wengi Marekani ni wa kujitolea kama wewe na vituo vyenu vingi vya mashambani vinaishi kwa magari ya mkono wa pili.

Kwanza huyo mama msimchukie, ameuliza kitu cha maana sana. Kubadilishana si makosa, kosa ni hayo "wameelewana kwa mdomo". Gari si la mkuu wa polisi wala si la mkuu wenu, ni mali ya umma, na hapo inabidi muangalie mwenye mali ni nani. Kama polisi na zimamoto wote ni idara za mji mmoja basi mwenye gari ni yule yule mmoja. Lakini Washington vituo vingi vya vijijini viko chini ya wilaya ya zimamoto, ambayo ni chombo kinachojitegemea, kina makamishna wake na kodi yake, kwahiyo mkiwa hivyo hapo ni serikali mbili zinafanya biashara na kila moja ina watu wake wa kuwajibu.

Sheria ya jimbo, sura ya 39.33, inaruhusu vyombo vya umma kuuziana, kupeana na kubadilishana mali kwa masharti watakayokubaliana wakubwa wao. Alafu kuna kifungu cha 43.09.210 ambacho mkaguzi wa hesabu hakisahau, kinataka mali ikihama kutoka idara au chombo kimoja kwenda kingine ilipwe thamani yake ya kweli na kamili. Sasa nyie fanyeni hivi, baraza la mji lipitishe azimio kwamba Tahoe ni ya ziada, yaani haihitajiki tena, makamishna wenu wapitishe la kwao kuhusu ambulansi, tafuteni mtu wa nje azithamini zote mbili, bei iandikwe, na kama moja imezidi basi tofauti ilipwe kwa pesa, msilipane shukrani. Mali inayokadiriwa kuzidi dola 50,000 lazima ifanyiwe kikao cha wazi cha kusikiliza wananchi kwanza. Magari yenu ya zamani sidhani kama yanafika huko, ila mi ningemwita yule mama aje aone karatasi.

Kingine, ulizeni kila gari lilipatikanaje. Likiwa lilinunuliwa kwa ruzuku ya serikali kuu lina masharti yake. Na kama siku moja polisi watawapa gari la jeshi walilopata kupitia programu ya 1033, ile inayowapa polisi vifaa vya ziada vya jeshi, msilipokee kienyeji, yale ya kivita ni ya mkopo, kadi inabaki kwa wizara ya ulinzi na polisi hawana ruhusa ya kumpa mtu. Hata upande wenu, lori lililokuja kupitia idara ya misitu ya serikali kuu kwa ule mpango wa FEPP, wa kuazimisha zimamoto mali ya ziada ya serikali kuu, linabaki mali yao hata mkilipaka rangi nyekundu.

Haya, gari lenyewe. Nimekaa gereji ya serikali ya mji miaka mingi nikiyavua magari ya polisi na nakwambia usidanganywe na maili. Gari la polisi linashinda linaunguruma limesimama, askari yuko ndani anaandika ripoti, kiyoyozi kinapiga. Ford walikadiria kwenye magari yao ya polisi kwamba saa moja ya kuunguruma umesimama ni sawa na kutembea maili 33. Tahoe si Ford lakini hesabu inakupa picha, yaani dashibodi ikisema maili 95,000 na saa za kusimama ni 4,000 hapo ongeza 132,000, injini imeshachoka kama ya maili 227,000. Dai saa za injini na daftari la sevisi, wakikosa vyote viwili bei ishuke. Angalieni pia kama inavuta magurudumu manne, maana Tahoe za polisi zipo za namna zote na nyie huko mna theluji.

Milango ya nyuma, hapa nisikilize vizuri. Gari la polisi mara nyingi mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani, ule waya wa mkono umechomolewa kwa ajili ya washukiwa. Kuna gari moja tulilipeleka zimamoto bila mtu kuujaribu, wiki ya kwanza tu kijana wao akakwama nyuma na koti zito la moto limemjaa, anapiga kioo kwa kiganja na wenzake wameshashuka wanavuta mpira wa maji. Hakuumia, lakini ile sura yake nyuma ya kioo bado ninayo. Keti ndani wewe mwenyewe, funga, fungua, pande zote mbili.

Taa za bluu zitoke, hizo ni za polisi. Stika nazo zikibanduliwa neno POLICE linabaki linasomeka kwenye rangi jua likipiga ubavuni, kwahiyo bajeti ya kupiga polishi au rangi iwepo. Na nyie ambulansi isitoke kabla hamjafungua kila droo, dawa, fomu za wagonjwa, redio, vyote vitoke.

SWALI: Mzee, mi niko Mombasa. Kwetu polisi wanaweza kuipa zimamoto ya kaunti lori?

JIBU: Wanaweza. Zimamoto ni kazi ya kaunti tangu katiba ya 2010 na polisi ni wa serikali ya kitaifa, lakini sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015, kifungu cha 165, inaitaja wazi njia ya kuhamishia mali chombo kingine cha umma, kwa malipo au bila malipo. Ambapo kuna yadi ya polisi imejaa malori yanaota majani na zimamoto ya kaunti haina gari la kubebea maji, mwakilishi wenu wa wadi aulizwe hilo swali na kifungu akitajiwe kwa namba.