Seva ya Pili Isiyopokea Zamu

Diski ikifa Amu (Lamu), mpya hutoka Mombasa kwa barabara hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, kisha punda au mkokoteni mpaka mlangoni. Kusi ikichafuka, ongeza siku. Ndiyo maana zahanati au nyumba ya wageni yenye mfumo wake hapa inahitaji seva mbili zinazopokezana zenyewe. Shida ni kwamba nyingi ya hizo za pili ni pambo. Siku ya siku hazipokei.

Keepalived, programu ya kupokezana zamu kati ya seva, inatosha. Kila seva na anwani yake ya IP, na anwani ya tatu inayohama. Wateja wote waelekezwe kwenye hiyo ya tatu. Mwenye zamu, yaani seva inayoshika anwani hiyo, hutangaza uhai wake kila sekunde 1. Ya kwanza ikiwa na kipaumbele 150 na ya pili 100, ya pili husubiri kimya cha sekunde 3.6 hivi ndipo ichukue anwani.

Hiyo ni pale mashine inapozimika kabisa. Mara nyingi mashine iko hai, Nginx, programu inayotoa kurasa, ndiyo iliyokufa: ping inajibu, matangazo yanatoka, na mtu wa mapokezi anatazama ukurasa mweupe. Basi vrrp_script, sehemu ya ukaguzi kwenye mipangilio ya Keepalived, iulize huduma yenyewe:

curl -fsS -m 2 http://127.0.0.1/afya

Bila -f, curl huridhika hata na kosa la 500, hitilafu ya ndani ya seva. Weka interval 2, fall 3, rise 2: ukaguzi kila sekunde 2, ukifeli mara 3 huduma imekufa, ukifaulu mara 2 imerudi. Ukurasa huo wa /afya usiguse hifadhidata inayotumiwa na seva zote mbili, la sivyo ikianguka zote zitajitoa pamoja na anwani ikose mwenyewe.

Wengi hukwama kwenye weight, namba inayobadilisha kipaumbele ukaguzi unapofeli. Ukiandika -20, 150 inashuka hadi 130, bado juu ya 100: huduma imekufa na zamu haihami. Andika -60. Lakini ukiwa na nopreempt, amri ya kutopokonya zamu, hata -60 haifui dafu, kwa kuwa ya pili imekatazwa kumpokonya aliye hai. Mimi naona bora kuiacha weight kabisa. Ukaguzi ukifeli, seva inaingia FAULT, hali ya hitilafu, na kuachia anwani. Nopreempt yenyewe ibaki, maana huzuia zamu kurudi ovyo seva ya kwanza inapoamka. Ila seva zote mbili ziandikwe state BACKUP, yaani zianze kama wasubiri.

Baya kuliko kuzimika ni zote mbili kudai zamu. Hutokea zikiacha kusikiana: iptables, ukuta wa ulinzi wa Linux, imezuia itifaki namba 112 inayobeba matangazo hayo (VRRP), swichi ya bei rahisi inameza matangazo yanayotumwa kwa anwani ya kundi 224.0.0.18, au chumvi imekula kichwa cha kebo. Chomoa kichwa uangalie pini. Ukiona ukungu wa kijani usihangaike kusugua, kata ubane kingine. Kisha endesha tcpdump -ni eth0 vrrp kwenye seva zote mbili uone matangazo yanayopita (eth0 ni jina la mlango wa mtandao). Lazima zote zionyeshe mtangazaji yuleyule. Kila moja ikijisikia yenyewe tu, shuku swichi, uhamie unicast_peer, ambapo kila seva humtumia mwenzake moja kwa moja.

Kifaa cha kuangalia kama seva ziko hai kisikae kwenye UPS (betri ya akiba) ileile ya seva. Na notify_master, amri inayoendeshwa seva inapopokea zamu, ikutumie ujumbe kila zamu inapohama: mhamo uliofaulu haumwumizi mtu, kwa hiyo ya kwanza inaweza kulala wiki nzima nawe ukidhani bado unazo mbili.

Jaribu kabla wageni hawajajaa. Kwenye seva yenye zamu simamisha Nginx, ngoja huduma irudi, ngoa kebo, mwisho chomoa umeme. Kwenye hayo mawili ya mwisho, ping kutoka kompyuta ya mapokezi ikipoteza majibu matatu au manne, sawa. Ikikata dakika kadhaa ilhali ya pili tayari imeshika anwani, ruta imeng'ang'ania ARP ya zamani, kumbukumbu yake ya mashine ipi inashika anwani; ongeza garp_master_refresh 60 ili tangazo la mwenye anwani lirudiwe kila dakika.