Hiyo "tu" ni ya leo

Mdogo wangu,

Una miaka 51, watoto wameshajitegemea, na juzi ukipanga sanduku umeikuta barua ya kukubaliwa chuoni, ya ulipokuwa na miaka 22. Hukwenda, kwa sababu mama alikuwa hoi na wa kumuuguza ni wewe peke yako. Sasa umepata nafasi ya masomo ya jioni, lakini fomu hujaigusa. Kila usiku unaifungua ile barua, mikunjo imeanza kuachana, unajiuliza leo ungekuwa nani. Mumeo akishtuka usingizini anakwambia yaliyopita si ndwele. Unaniuliza kama kukumbuka huku ni ugonjwa.

Si ugonjwa. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mtu wa umri mkubwa kuyapitia maisha yake ni jambo la kawaida, wala si dalili ya akili kuchoka. Wengine hutoka humo wamepata amani, wengine huzama kwenye majuto. Kwa hiyo methali ya mumeo siikubali yote. Yako ni ndwele, na inagangika.

Ila umeandika, "Mama aliishi miezi minane tu, Shangazi." Hiyo "tu" imenikaa kooni. Ni ya leo hiyo. Yule binti wa miaka 22 hakuwa nayo. Alichojua yeye ni kikohozi cha chumba cha pili, na kwamba saa tisa usiku lazima mtu aamke amgeuze mama ubavu. Unamhukumu kwa ushahidi ambao haukuwapo. Tena unamlinganisha na mwanamke wa kuwazia, msomi asiyewahi kufeli mtihani wala kugombana na mtu. (Mimi huyo nisingemwamini hata siku moja.)

Fanya hivi: barua usiisome tena usiku. Isome mchana, kwa sauti, mumeo akiwa amekaa mbele yako, umsimulie na hayo ya saa tisa. Nina shaka kama amewahi kuyasikia yote.

Kisha fomu. Watafiti Thomas Gilovich na Victoria Medvec walionyesha miaka ya 1990 kwamba jambo tulilolitenda hutuuma zaidi likiwa bichi, lakini tukitazama mbali nyuma hutuuma zaidi tusilolitenda. La ulipokuwa na miaka 22 hukulikwepa, ulikuwa na mgonjwa ndani. Hili la sasa unalikwepa.

Mwisho wa kuirudisha ni lini? Hukuniambia. Usiniandikie tena kabla hujaijaza.

Shangazi