Maswali na majibu: Mkulima namba 41 ni nani?

Safari hii wengi walioniandikia wanatengeneza mifumo ya kununulia kahawa, na tatizo lao ni moja: JSON (maandishi yaliyopangwa ya kutumiana data) inaleta namba tupu, wao wanataka programu imwone mtu. Wote wanatumia Django REST Framework, zana ya Python ya kujengea API (mlango ambao programu huzungumza na seva), kwa hiyo nami nitabaki humo.

Mwalimu, nikituma mzigo wa kahawa wenye "mkulima": 41, seva inalalamika kwamba ilitarajia kamusi ikapata namba. Mkulima 41 yupo kwenye hifadhidata! (Mbale)

Yupo, ila hujaiambia sirialaiza (kipande kinachogeuza JSON kuwa data ya programu, na kinyume chake) imtafute. Umeipachika MkulimaSerializer ndani ya MzigoSerializer, nayo inasubiri mkulima mzima: jina, kijiji, kadi. Weka hii badala yake:

`mkulima = PrimaryKeyRelatedField(queryset=Mkulima.objects.all())`

Sasa ndani ya validated_data (data iliyokwisha kukaguliwa) utamkuta mkulima mwenyewe, si namba yake. Asipopatikana, aliyetuma anarudishiwa kosa la 400 (ombi lina kasoro) kabla hujahifadhi chochote. Ukitaka jibu liendelee kuonyesha jina na kijiji, andika upya to_representation ya mzigo, inayopanga kinachotoka. Kinachoingia na kinachotoka si lazima vifanane.

Karani wangu hajui hiyo 41. Anajua kadi ya mwanachama, au simu. (Kapchorwa)

Wala hana haja ya kuijua. Tumia SlugRelatedField, sehemu inayomtafuta mtu kwa safu unayoitaja, yenye slug_field="kadi", na safu ya kadi uipe unique=True, yaani kadi isijirudie. Kadi moja ikiwa na watu wawili, kosa hilo halidakwi na sehemu hiyo. Seva inarusha 500 (hitilafu ya seva yenyewe) na karani anabaki ameduwaa.

Simu ndiyo yenye visa. Leo mtu ameandikwa kwa 0 mwanzoni, kesho kwa +256, keshokutwa kuna nafasi katikati ya tarakimu. Irithi SlugRelatedField, kisha ndani ya to_internal_value, inayopokea kinachoingia, ondoa nafasi, geuza 0 ya mwanzo iwe +256, halafu mwachie super() (ile sehemu uliyoirithi) amalizie. Namba zilizokwisha kuhifadhiwa nazo zisafishe vivyo hivyo, maana ukisafisha upande mmoja hazitakutana kamwe. Hata hivyo mimi nisingeunganisha kwa simu. Baba, mama na kijana wao wakiwa wameandikisha laini moja, kahawa ni ya nani? Tumia kadi.

Je, karani wa tawi moja anaweza kumwandikia mzigo mkulima wa tawi jingine? (Bombo)

Kwa ile objects.all() niliyoandika hapo juu, anaweza, kwa kubadilisha namba tu. Katika orodha ya OWASP (shirika la usalama wa programu) ya hatari za API, ya 2019 na ya 2023, kutokagua kama mtu ana haki juu ya kitu anachokitaja ndiko kulikoshika nafasi ya kwanza. Dawa yake ni kuandika upya get_queryset ya sehemu hiyo (inayoamua wakulima gani watafutwe), usome mtumiaji kutoka self.context["request"], urudishe wakulima wa tawi lake pekee. Mkulima wa tawi jingine atajibiwa "hayupo", sawasawa na yule asiyekuwepo kabisa, na mdukuzi hapati hata fununu. Ukiiunda sirialaiza kwa mkono wako, kumbuka kuipa context (kamusi ya taarifa za ziada, mtumiaji akiwemo). Wengi hukwama hapo.

Jioni mtandao ukitulia tunapakia magunia 300 ya kiboko (kahawa ya robusta iliyokaushwa na maganda yake) kwa mpigo. Inachukua karne! (Masaka)

Kwa sababu kila gunia linamtafuta mkulima wake peke yake: maswali 300 kwa hifadhidata. Kusanya kadi zote kwanza, uliza mara moja kwa in_bulk(kadi_zote, field_name="kadi"), kamusi unayopata itie ndani ya context, na sehemu yako isome humo. Hapa pia unique=True ni sharti, la sivyo in_bulk itakataa. Na ile chujio ya tawi isibaki nyuma: ianze ndipo in_bulk ifuate.

Mkulima asipopatikana, nimsajili hapohapo kwa get_or_create? (Arua)

Usithubutu. Karani akikosea tarakimu moja, amezaliwa mkulima hewa, na siku ya malipo mwenye kahawa anasimama dirishani akiambiwa hana kilo hata moja. Rudisha 400 ukitaja kadi iliyokosekana. Usajili uwe na anwani yake kwenye API, na anayeufanya awe amekiona kitambulisho cha mkulima.