Re: MTB (baiskeli za milimani) za zamani, watu wanaona nini humo?

Mkuu umeuliza kwa nini mtu na akili zake atoe hela kwa MTB ya zamani isiyo hata na shokapu wakati mpya zimejaa. Mimi ninayo moja ya mtumba, fremu ya chuma, ina kutu kidogo pale chini ya pedeli na rangi imechunika, ila siuzi hata uje na boda.

Ujue hizi zilianzia California, Marekani, maeneo ya Mlima Tamalpais, miaka ya 70, vijana wanachukua mabaiskeli mazito ya kampuni ya Schwinn ya enzi za babu zao wanashuka nayo mlima kwa vumbi, breki ni ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, wakifika chini grisi ya habu (kitovu cha gurudumu) imeshaungua inatoa moshi wanafungua wanajaza upya, ndo maana njia yenyewe ikaitwa Repack, yaani jaza upya 😂 mashindano yakaanza 1976, mwaka uliofuata Joe Breeze, mmoja wao, akachomelea fremu ya kazi hiyo, 1981 Stumpjumper, MTB ya kiwandani, ikaingia madukani.

Sasa ukipanda ya zamani unaisikia njia yote mikononi, kila jiwe. Gia unasukuma kwa kidole gumba inalia "tak", ikigoma spana moja umemaliza. Hizi mpya ikivuja oili ya shoki unatafuta fundi na laptop.

Kushuka mlima wa mawe, hizo mpya zinaniacha, sibishi. We umeiona wapi hiyo ya zamani unayoulizia? Angalia nyufa kwenye maungio kabla hujatoa hela