Maswali ya Wasomaji: Kufufua Gari la Kale la Kiingereza Nyumbani

Swali: MGB yangu ya 1966, gari dogo la michezo, inawaka vizuri asubuhi. Baada ya dakika ishirini inaanza kukohoa, na nikiachia pedeli ya mafuta inazima. Nimeshafunga vifaa vipya ndani ya kabureta zote mbili za SU (jina la mtengenezaji), na hali ni ile ile. Ninunue kabureta mpya?

Jibu: Hapana, kabureta ziache kwanza. Kasoro inayosubiri injini ishike moto ndipo ijitokeze, mara nyingi iko kwenye umeme wa plagi, na wa kwanza kushukiwa ni kondensa, kidude kinacholinda pointi (swichi ya cheche), ndani ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Kihami chake kikichoka, hufanya kazi kikiwa baridi na huvujisha umeme kikipata joto. Cheche hudhoofika, pointi nazo zinaungua.

Gari likizima likiwa la moto, lipime papo hapo, maana ukingoja lipoe kasoro itakuwa imejificha. Chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya akiba, laza mwili wa plagi hiyo juu ya chuma cha injini, mbali na kabureta na mafuta yoyote yaliyomwagika, kisha mwenzako apige stata. Cheche nzima ni ya buluu na inasikika ikipasuka. Ukiona ya manjano, nyembamba, fungua kifuniko cha distributa. Pointi zilizoungua zikawa za buluu au nyeusi kwa kawaida zinaashiria kondensa imekufa. Badilisha vyote viwili, kisha weka nafasi ya pointi kati ya milimita 0.35 na 0.40 kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi), kisigino cha pointi kikiwa juu ya kilele cha kemu, shafti yenye kona inayozifungua. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu. Ikizidi, itarukia pointi na utarudi pale pale. Kondensa nyingi zinazouzwa sasa ni hafifu, kwa hiyo ukiwa na ya zamani inayofanya kazi usiitupe. Tazama na rota pia, kile kipande kinachozunguka chini ya kifuniko cha distributa: zenye ribiti juu hutoboka kihami chini ya ribiti, na umeme ukapitia kwenye shafti. Koili ya volti 12 isiyotumia rezista isome om 3 hivi kati ya vichwa vyake viwili vidogo, na ipimwe ikiwa ya moto.

Cheche ikiwa nzuri, nenda kwenye mafuta. Washa swichi bila kuwasha injini, usikilize pampu ya SU iliyo nyuma ya gari. Inatakiwa igonge mara chache kisha inyamaze. Ikiendelea kugonga bila kukoma, inavuta hewa mahali, au sindano ya boya ndani ya kabureta haizibi. Na kabla ya yote hayo, jaribu jambo la sekunde tano: gari likizima, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na gari likawaka, tundu la hewa la kifuniko limeziba.

Kabureta zenyewe zirekebishwe mwisho, baada ya nafasi za valvu na taimingi (wakati wa cheche) kuwa sawa. Kwanza shika shafti ya kipepeo, kile kibati kinachofungua njia ya hewa, uitikise. Ikicheza, hewa inapenya pembeni, na hakuna kit ya sindano na mipira itakayoponya hilo. Shafti na bushi ndizo za kubadilisha. Pistoni ya kabureta ukiinyanyua kwa kidole na kuiachia ianguke kwa mlio wa "tak" unaosikika wazi. Mimina oili ya SAE 20 kwenye mnara wa pistoni hadi ipite mdomo wa bomba la ndani kwa milimita 13. Sasa sawazisha hewa: weka kipande cha bomba la mpira sikioni, mdomo mwingine kwenye koo la kila kabureta, na urekebishe hadi mivumo ilingane. Kisha pandisha pistoni ya kabureta moja kwa milimita moja hivi kwa kipini chake. Injini ikiongeza kasi na kubaki hapo, mafuta ni mengi. Pandisha nati ya jeti (tundu la mafuta) chini ya kabureta. Ikitaka kuzima, mafuta ni machache, ishushe. Ikiongeza kidogo kisha ikatulia, hapo ndipo. Zungusha nati bapa moja tu kila mara, kati ya zile sita.

Swali: Seti yangu ya spana za milimita inateleza kwenye nati za gari. Je, nati zimechakaa?

Jibu: Zitachakaa ukiendelea. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 hadi 1970 yana nati za UNF na UNC, mifumo ya hesi inayopimwa kwa inchi. Nunua spana zenye alama AF (kipimo cha upana wa nati kwa inchi): 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4 zitamaliza kazi nyingi. Spana ya milimita 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na hiyo nafasi ndogo ndiyo inayoila kona. Magari ya zamani zaidi hutumia Whitworth na BSF, mifumo ya hesi ya Kiingereza ya kale, ambayo ina spana zake. Boliti ikigoma kuingia kwa mkono, usiisukume kwa spana. Huenda hesi zake ni za mfumo mwingine.

Swali: Morris Minor yangu ya 1963 ina chanya ya betri kwenye bodi. Nataka kufunga redio ya kisasa. Nikigeuza betri, nitaunguza nini?

Jibu: Hutaunguza kitu ukifuata mpangilio, na usiwashe injini kabla ya kufika mwisho.

Toa betri, igeuze, hasi iende kwenye bodi. Kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, kwa hiyo huenda ukahitaji vibano vipya vya nyaya. Kwenye koili badilishana nyaya mbili ndogo: waya unaotoka distributa sasa uwe upande wa hasi. Koili ya zamani yenye herufi SW (swichi) na CB (pointi), waya wa distributa unahamia SW. Ukisahau gari litawaka, ila cheche itakuwa dhaifu.

Sasa dinamo, inayochaji betri, na hapa ndipo wengi huteleza. Chuma kilichomo ndani hubaki na usumaku kidogo, na usumaku huo bado unaelekea upande wa zamani. Chomoa nyaya zote mbili kwenye dinamo, D nene na F nyembamba. Betri ikiwa imeshaunganishwa upya, chukua waya kutoka kichwa cha chanya, gusisha F ya dinamo kwa sekunde moja, mara mbili tatu. Utaona cheche ndogo. Usiguse D. Rudisha nyaya, washa injini, na taa nyekundu izime ukiongeza kasi.

Stata haibadiliki, na pampu ya mafuta yenye pointi za kawaida haijali upande. Ila pampu ya elektroniki, kifaa cha elektroniki ndani ya distributa, au redio ya zamani iliyokuwemo, toa kabisa kabla hujaunganisha betri, maana hivyo vinaungua mara moja. Gari likiwa na amita (geji ya umeme wa kuchaji), geuza nyaya zake. Bandika kibao karibu na betri kinachosema hasi iko kwenye bodi, fundi mwingine asijeunguza alichokuta.

Swali: Nimekata vizingiti vilivyooza (mihimili ya chini ya milango) vya MGB yangu ya wazi, na sasa mlango haufungi. Nimeharibu?

Jibu: Acha kukata leo hii, na bado hujachelewa. MGB haina chesisi tofauti. Likiwa halina paa, vizingiti ndivyo uti wa mgongo, na ukivitoa vyote bila egemeo bodi inajikunja katikati.

Weka gari juu ya stendi nne imara, sawasawa kwa pima maji, uzito ukikaa chini ya ekseli ya nyuma na fremu ya suspensheni ya mbele, si chini ya sakafu. Rudisha milango kwenye bawaba. Nyanyua katikati kwa jeki polepole hadi nafasi kati ya mlango na nguzo ilingane juu na chini, milimita 4 au 5. Hapo funga bomba la mraba la milimita 25 kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma, upande wa ndani ili mlango uendelee kufungwa na kupimwa. Maliza upande mmoja kabisa ndipo ugeukie wa pili.

Kizingiti hiki kina tabaka tatu: bati la nje, ukuta wa kati uliosimama, na kipande cha chini chenye mikunjo. Kuchomelea bati jipya juu ya uozo ni kuufunika tu, na kutu itaendelea kula kutoka ndani. Tumia bati la milimita 1.2 sehemu za kubeba uzito. Toboa matundu ya milimita 6 kila baada ya milimita 30 hadi 40, paka praima ya zinki kati ya tabaka, kisha jaza matundu kwa mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa milimita 0.6. Rukaruka, mbele na nyuma, bati lisipinde kwa joto.

Toa betri. Kazi ikikaribia nyuma, shusha tangi la mafuta. Na usisafishe bati kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchomelea: joto huigeuza kuwa gesi ya fosijini, inayoua. Rangi ikishakauka, puliza nta ndani ya kizingiti na uache matundu ya kutolea maji wazi.

Swali: Triumph Herald yangu yenye diski mbele, gurudumu moja linabaki limeshikwa baada ya kuachia breki. Kalipa, inayobana diski, ni mpya.

Jibu: Inua gurudumu, kanyaga breki uachie, kisha legeza nipeli ya kutolea hewa. Gurudumu likiachia hapo, kalipa haina kosa, ni presha iliyonaswa. Rudia, safari hii ukilegeza kiungo cha bomba la chuma kabla ya mpira wa breki. Likibaki limeshikwa, mpira umevimba kwa ndani: mguu unausukuma mkondo wa mafuta upite, lakini hauwezi kurudi. Badilisha mipira yote, hata inayoonekana mizima kwa nje. Jaza mafuta ya DOT 4, nayo ubadilishe kila miaka miwili kwa sababu hunyonya maji. Oili ya madini isiguse mfumo huu kamwe, huvimbisha sili.

Ukiwa chini huko, angalia trunioni za chini za suspensheni, viungo vyenye hesi ambavyo gurudumu la mbele hugeukia. Za Herald zinataka oili nzito ya giaboksi, EP90, si grisi. Grisi haifiki ndani ya hesi, chuma hukatika, na gurudumu hulala chini ya gari. Pampu hadi oili mpya ichomoze, angalau mara moja kwa mwaka.